Kishiwa na Picha Iliyomfanya Muuaji

Kishiwa Masunga Ngolo ni binti wa Masunga, aliyeswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Shinyanga hadi bonde la Mkata na kufika na ndama wote. Masunga alizaliwa na Ngolo, aliyechimba lambo kwa jembe la mkono mwaka wa ukame, na mifugo ya majirani ikanywa hapo bila mtu kuuliza ni ya nani. Kishiwa mwenyewe aliwapikia supu madereva wa malori pale Mikumi miaka ishirini na sita. Mwaka Kilosa ilipokumbwa na mafuriko, alipakia masufuria yake kwenye lori akaja kutupikia sisi tuliokuwa kwenye mahema. Supu ile niliinywa mimi, siandiki habari za kusikia. Baadaye mgahawa wa Mikumi alimwachia mwanawe Dotto, yeye akajenga banda lake la supu hapa kijijini kwetu Mabwerebwere.

Moshi wa miaka yote hiyo umemfanya awe na macho mekundu, mekundu kweli. Hapa hakuna aliyejali. Tulijua ni moshi.

Mwaka jana akaja Jovin, kijana wa Dar es Salaam mwenye kamera, akitengeneza picha ya kusisimua, wenyewe wanaita muvi. Akamwambia Kishiwa atakuwa bibi anayemficha mtoto aliyewakimbia wauaji. Kishiwa alifurahi, akashonesha kitenge kipya. Ila hadithi nzima hakupewa. Walimpiga picha vipande vipande: leo aoshe mikono kwenye beseni, kesho acheke kama aliyemwona mjukuu wake. Hakuuliza. Kwao na kwetu pia, mgeni akishakunywa supu yako hufikirii kwamba anakuficha kitu.

Picha ilipokamilika ilioneshwa kwenye banda la video la Filipo. Kishiwa alikaa mbele na kitenge chake, mimi pembeni yake. Jina la picha silitaji, isije ikatafutwa. Saa nzima ni pikipiki zinafukuzana na askari mmoja amevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Bastola ilikuwa ya kuchezea watoto, niliijua. Mwishoni kabisa hadithi ikageuka. Muuaji ni bibi. Maji ya beseni yametiwa rangi, sasa ni damu. Kile kicheko cha kumwona mjukuu kimewekwa juu ya maiti. Kamera ikasogea kwenye macho yake mpaka yakajaa ukuta mzima, na shujaa akasema macho kama hayo hayadanganyi. Majirani wakachoma nyumba na bibi akiwa ndani, muziki wa furaha ukapigwa. Watu wengine wakapiga makofi.

Kishiwa hakupiga. Alinishika mkono tukatoka.

Asubuhi yake supu ilibaki sufuriani. Vijana wa bodaboda, wateja wake wa kila siku, walipita upande wa pili wa barabara. Mama mmoja alimvuta mwanawe asipokee kipande cha chapati. Siku ya tatu nikasikia bombani lile neno wanaloitwa vikongwe wenye macho mekundu, mchawi, likisemwa taratibu na mtu mzima. Kishiwa anatoka kwenye familia ambayo shangazi yao aliuawa kwa neno hilo. Anajua linaanzaje.

Dotto alipiga simu kutoka Mikumi akamsihi mama yake aende akajifiche kwake mpaka watu wasahau. Kishiwa akamjibu kwamba akiondoka, watu watasema picha ilisema kweli. Akakaa. Mimi nikawa naenda kunywa supu kila asubuhi, na wala si mnywaji wa supu, tumbo langu linajua.

Ndipo Kishiwa akamwita Jovin. Kijana kwenye simu alisema bibi asijali, ile inaitwa twisti, hadithi kugeuka mwishoni, watu wanapenda kushtuka. Akakubali kuja, kwa sababu alikuwa anataka sehemu ya pili. Akashuka kwenye treni mpya na begi lake la kamera, akapiga shikamoo, akaitikiwa marahaba. Hakugombezwa. Aliambiwa tu kwamba kesho alfajiri atamsaidia bibi kuwasha moto.

Ilikuwa masika, kuni mbichi. Jovin alipuliza moto kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili. Akakohoa, akalia machozi, akaunguza chapati. Vijana wa bodaboda walisikia kwamba mtu wa muvi yuko jikoni kwa Kishiwa, wakavuka barabara kuja kumwona. Nassir, mwenye mdomo kuliko wote, akatoa simu akaanza kurekodi.

Kishiwa akamgeuza Jovin uso uwaelekee.

"Mjukuu wangu, umemuua nani?"

"Sijaua mtu, bibi."

"Mbona macho yako yanasema umeua?"

Nassir akadakia kwamba huyu ameua chapati sita, yeye ni shahidi. Wakacheka. Kisha kila mmoja akayaona macho yale, mekundu kama ya mwenye jiko, na kila mmoja akakumbuka alipita upande gani wa barabara wiki ile.

Jovin alikaa chini kwenye gogo. "Ule mwisho niliuona kwenye picha za watu wengine nikauchukua," alisema. "Sikuwaza kwamba bibi ataendelea kuishi hapa."

Wiki ile ile wakaupiga mwisho mwingine. Safari hii Kishiwa alidai asomewe hadithi yote, mstari kwa mstari, na mahali pawili akakataa. Katika mwisho huo majirani wanakuja na petroli, wanamkuta bibi anapuliza kuni mbichi na mtoto yuko hai mgongoni kwake, na aibu ni yao. Jumamosi tukaiona kwa Filipo. Picha bado mbovu, siwezi kudanganya. Lakini Jumatatu supu iliisha saa tatu. Yule mama bado anamvuta mwanawe, ila wenzake sasa wanamsema.

Jovin alipokuja kuaga, Kishiwa alikuwa amekwisha kupata habari kwamba picha ya kwanza ilishapelekwa kijiji cha Malolo, na kuna bibi kule anaitwa Fausta, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni kama ya Kishiwa, ambaye tangu ioneshwe hatoki nje.

"Treni utapanda siku nyingine," Kishiwa akamwambia. "Nenda Malolo na picha mpya. Kabla hujaiwasha, mfuate Fausta nyumbani kwake, mpigie shikamoo, umlete umkalishe mstari wa mbele, na wewe ukae pembeni yake mpaka iishe."

Jovin akauliza ataongozana na nani.

"Nenda mwenyewe. Kamera uliishika mwenyewe."