Mistari Miwili Myekundu

Kazini walimwita Mama Mistari, na jina likamkaa. Ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu, na kwa ukaidi sijaona mfano wake. Hata chumvi ikizidi kwenye mboga atakwambia ulimi wako ndio mbovu.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza taa za maabara ya chuo: mirija myembamba ya kioo, inayojazwa gesi na kuzibwa kwa moto. Kisha huiwasha na kuichungulia kwa darubini inayopasua mwanga katika rangi zake. Haidrojeni ya kawaida hutoa mstari mwekundu. Haidrojeni nzito nayo hutoa wake, lakini kwa kuwa kiini chake ni kizito karibu maradufu, mstari huo husogea kidogo, kidogo mno, kuelekea upande wa buluu. Mrija wenye gesi zote mbili lazima uonyeshe mistari miwili iliyokaribiana kama nyuzi za kitambaa. Akiona miwili, anauweka kabatini. Akiona mmoja, anauvunja. Macho hayo ndiyo yaliyomsomesha binti yake.

Wiki ile kila mrija ulionyesha mmoja, naye akavunja hadi ndoo ikakaribia kujaa.

"Ni unyevu," alituambia tulipompelekea chakula, mimi na binti yake. "Nilisuuza vioo kwa maji, sikuvikausha sawasawa. Haidrojeni ya maji imeng'ang'ania kioo, imeifunika ile nzito. Kosa langu, wifi."

Mwanamke huyu, kukiri kosa! Ndipo nikakumbuka jinsi siku hizi anavyomimina chai nje ya kikombe, na anavyonitazama kwa pembeni, kana kwamba katikati ya uso wangu pana tundu. Nikaelewa alichokuwa akikiomba. Aliomba mirija ndiyo iwe mibovu, si macho. Nikaomba naye.

"Njoo uchungulie, mwanangu. Usiseme kunifurahisha. Sema unachoona."

Binti aliinama, akafumba jicho moja. Wifi alinishika mkono, kucha zikanizama.

"Mmoja, siyo?" aliuliza. "Ni mmoja tu."

"Subiri kwanza, mama, nizungushe lenzi." Akazungusha. Kisha akacheka kwa furaha, maskini ya Mungu, hakujua. "Miwili! Wala haijagusana. Shangazi, njoo uone! Mama, hujakosea kitu!"

"Jaribu mwingine."

Akajaribu mwingine, na mwingine tena, yote iliyobaki mezani. "Miwili, mama. Yote."

Nilishindwa kumtazama wifi. Aliniachia mkono, akapapasa chini ya meza mpaka akaigusa ile ndoo ya vipande vya kioo.

"Basi na ile niliyoivunja ilikuwa mizima," alisema, akaanza kulia.