Sayari ya Mbari

Tulipokuwa wakimbizi Bujumbura, baba alitusomea katuni ya rubani wa roketi kutoka magazeti makuukuu ya Kifaransa. Alitutafsiria kwa Kiswahili chake, kinachochanganya r na l kama cha Wanyarwanda wengi. Rubani katoka sayari ya Mbari, alisema, na hawezi kurudi. Sisi watoto tukaichora Mbari, yeye akituelekeza: ongeza milima, weka ng'ombe.

Juzi, hapa Kigali, niliipata katuni nzima kwenye simu. Hakuna Mbari! Rubani anatoka sayari isiyo na jina, ya mbali tu, na kila toleo linaisha amesharudi kwao. Utoto wangu wote nimedanganywa. Nikapanda kilima cha Rebero, anakoishi baba, kwa hasira, nimuulize.

Nilimkuta barazani amevaa koti, mfuko mkononi. Siku hizi anasahau. Kabla sijafungua mdomo, akaniomba nimrudishe nyumbani.

"Baba, si tulisharudi? Hapa ndipo nyumbani. Unataka wapi tena?"

"Mbari," akasema, ameipa mgongo milima yote ile.

Nilimpokea mfuko.