Dadu ya Pande Nne

Jumapili mchana, nyumbani kwetu Njoro, huwa tunacheza mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu. Kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, mimi ndiye msimulizi na mwamuzi. Kanuni iliyoniudhi kuliko zote ni ya mishale: jeraha halipimwi kwa mshale, linapimwa kwa ukubwa wa upinde. Upinde mkubwa, unarusha dadu ya pande nane. Upinde mdogo, ya pande nne. Namba inayotokea ndiyo pointi za uhai anazokatwa aliyechomwa, zikiisha amekufa. Mshale ni ule ule. Niliichukia kanuni hiyo, na sababu ninayo.

Mwaka juzi, kihambani kwetu, shamba la ukoo juu ya Himo, mtoto wa baba mdogo, kijana mzima, aliokota manati ya kitoto akalenga ndege waliokuwa wakidonoa ndizi. Kokoto likampata mdogo wangu, jicho la kulia likapotea. Baba mdogo alikuja na jani la isale kuomba msamaha, na kwa Wachagga ukiletewa isale hukatai. Baba akalipokea. "Ni manati ya mtoto tu," baba mdogo akasema. Nikatoka nje nisije nikamvunjia heshima.

Jumapili moja mdogo wangu akamleta mezani yule yule aliyempiga. Salamu yake nikaiitikia kwa shingo upande. Nikampa mhusika mfupi mwenye upinde mdogo, makusudi, asipate cha kutambia. Mdogo wangu alikuwa na mpiga mishale wake, aliyemtunga alipotoka hospitali. Kwenye karatasi alikuwa ameandika: macho mawili, anaona mbali.

Siku hiyo, mchezoni, chui alimkamata mpiga mishale wa mdogo wangu, akambakizia pointi tano za uhai. Yule kijana akamlenga chui, akamkosa. Na kwetu ukimkosa adui, mshale unampata mwenzako. Mdogo wangu akatabasamu, akamsogezea dadu ya pande nne.

"Rusha hii, ndugu yangu. Upinde wako mdogo, hauniui."

Kijana hakuigusa. "Hata ile manati ilikuwa ndogo," akasema, akachukua ya pande nane. Nilifungua mdomo nimzuie, dadu ikawa imeshatua. Sita.

Kijana alikuwa analia, anasema hakustahili kupunguziwa. Nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza, na bado nilitamani kumzaba kofi.

Mdogo wangu aliikunja karatasi ya mpiga mishale wake taratibu, ikawa ndogo sana.

"Isale alipewa baba," akasema. "Mimi hakuna aliyeniletea. Leo ndiyo nilikuwa nakusamehe. Ungechukua tu ile ndogo."

Akainuka kwenda chumbani. Bega lake la kulia likagonga fremu ya mlango, kama linavyogonga kila siku, naye akapita bila kuligusa.