Mkwe Hupisha

Kuna watu hula adabu ya wenzao kama pilau ya arusi: wanajipakulia, wanashiba, kisha wanalaumu chumvi. Mzee Mwinjuma wa Bagamoyo alikuwa mmoja wao, na aliyeliwa ni mkwewe, Bwanaheri, mvuvi aliyemwoa binti yake Mwanvita.

Kila Sabasaba wavuvi wa mjini walishindana kwa ngalawa, wakipiga bisha kinyume cha upepo hadi kwenye boya na kurudi. Sheria ya kukutana njiani ilijulikana hata na wauza kashata: mwenye upepo mkono wa kulia anashika njia yake, mwenye upepo mkono wa kushoto anampisha. Haijali nani mzee, nani sharifu. Bahari haina shikamoo.

Lakini Mwinjuma alikuwa na sheria yake. Akikutana na Bwanaheri, awe na haki asiwe nayo, alipaza sauti, "Mkwe! Baba yako huyu!" Na Bwanaheri alipisha, maana mtu hamkatizi njia baba wa mkewe mbele ya mji mzima. Mwaka mmoja alipisha, mwaka uliofuata akapisha. Mzee akishinda humshika mkwewe bega huku akicheka, na Bwanaheri hungoja mkono ule uondoke ndipo ateme mate. Kinyaa kilifika mahali hata samaki walioletwa na mzee nyumbani hakuweza kuwala.

Mwaka wa sitini na tisa tuzo ilikuwa jora la marekani, ile nguo nyeupe ya pamba inayoshonewa matanga. Tanga la Bwanaheri lilikuwa viraka vitupu. Upepo ukizidi kidogo linachanika, anarudi mikono mitupu, na Mwanvita anapika kisamvu kisicho na kitoweo. Subira huvuta heri, watu walimwambia. Yake ilivuta viraka.

Asubuhi ile akamwendea mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Baba, nakuomba radhi mapema. Leo haki ikiwa yangu, sipishi. Tukishuka pwani nitakushika miguu, lakini majini sipishi."

"Nimekusikia, mwanangu," Mwinjuma akasema, akitabasamu. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Bwanaheri wasiwasi.

Karibu na boya walibaki wao wawili mbele. Upepo ulikuwa mkono wa kulia wa Bwanaheri. Haki ilikuwa yake, hapana mjadala. Akakaza kamba ya tanga, akashika njia. Ngalawa ya mzee ikaja kumkata bila kugeuka, na safari hii mzee hakuita.

Hapo Bwanaheri akamwona Mwishehe. Huyu ni mwana wa Mwinjuma, yaani shemeji yake, na kazi yake ilikuwa kukaa juu ya mrengu, ule mti wa ubavuni, ili uzito wake uizuie ngalawa isilale. Mtu wa kazi hiyo hukaa upande upepo unakotoka. Mwishehe alikuwa amekalishwa upande wa pili, ule unaozama, miguu yake ikining'inia mbele kabisa ya omo, pua ya ngalawa ya Bwanaheri. Hakuna nahodha mwenye akili zake anayemweka mtu pale. Akimweka, ni kwa jambo moja tu.

Bwanaheri akalielewa jambo hilo: asipopisha, atamgonga shemeji yake. Akausukuma usukani kwa nguvu zake zote. Tanga likarukia upande wa pili, likapasuka juu mpaka chini, na foromali, mti unaobeba tanga, ikakatika. Mzee akapita.

Pwani, jora la marekani likiwa begani, Mwinjuma aliwaambia watu kwamba mkwewe ana adabu. Bwanaheri akamwuliza, Mwishehe akisikia, kwa nini alimkalisha mwanawe upande ule.

"Nilijua hutamgonga," mzee akajibu kwa fahari, kama anayemsifu. Kisha akalitua jora na kulifungua. "Njoo nikukatie kipande, ushonee tanga lako."

Bwanaheri hakunyoosha mkono. Aliyesogea ni Mwishehe, bado amelowa, uso umemsawajika.

"Nikatie mimi, baba," alisema. "Kata kinachotosha sanda."