Nilipeleka majivu ya mzee huko Haridwar, kurudi Kanja nikanyimwa mtoto wangu

Wakuu, hamjambo. Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hivyo spelling mnivumilie, lakini uongo hamtapata hapa.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi mtaa wa Dallas hapa Embu town. Kazi yangu ni kumtunza mama mmoja wa Kihindi, mjane, miguu imemkataa. Sote tunamwita Ba, yaani nyanya.

Mzee wake alikufa. Wahindu huchoma maiti, hiyo mnajua. Chenye sikujua ni kwamba majivu yanafaa kupelekwa mto Ganga. Ba alitaka Haridwar, mji wao mtakatifu, kwa sababu watu wa mzee wote walipelekwa huko. Kijana wao yuko ng'ambo na makaratasi yake hayakuruhusu asafiri.

Ba akaniuliza, "Wewe iko passport?"

Sikuwa nayo. Akanitafutia, nimsindikize.

Safari ilikuwa ya siku sita. Bwana yangu anafanya kazi ya miraa Kangeta, wiki nzima hayuko. Nikamwacha msichana wangu Wawira, miaka miwili na nusu, kwa mama mkwe huko Kanja. Amepewa jina la huyo huyo cucu wake. Niliona hakuna mahali salama kuliko hapo.

Haridwar imejaa watu, wakuu. Wamama na saree zimelowa, ng'ombe anapita katikati na hakuna anayemfukuza. Nyama hakuna, yai hakuna. Nilikula dengu na chapati mpaka nikazoea.

Majivu yalikuwa kwa chungu kidogo kimefungwa kitambaa chekundu. Mikono ya Ba hutetemeka, so nilikibeba mimi. Kwa ndege mapajani, kwa gari kutoka Delhi mapajani.

Kuna makuhani huko wanaweka vitabu virefu vya koo. Mmoja alifungua akasoma majina ya watu wa mzee mpaka babu wa babu, halafu akaandika la mzee chini yao. Nilishika mdomo. Mimi ukiniuliza babu wa baba yangu naanza kukohoa.

Kwa ngazi za mto kuna minyororo ya kushika, kwa sababu maji yanakimbia vibaya na ni baridi kuliko mto wetu wa Rupingazi asubuhi. Nikamshika Ba kiunoni.

"Shika mimi sana," akasema. "Mimi nikienda na mzee, wewe utapikia nani chai?"

Akamwaga. Akacheka huku analia. "Huyu mzee maisha yote alikataa kuoga maji baridi."

Nilikuwa nimepigwa picha na chungu mapajani. Nikaweka status. Hapo ndipo niliharibu.

Nilifika Kanja saa sita mchana na zawadi za mtoto. Mama mkwe akanisimamisha kwa gate.

"Simama hapo hapo. Umebeba maiti kwa mapaja, unataka kubebea mtoto mapaja hayo?"

Nikadhani ni mzaha. Akaniambia niko na mugiro, ule uchafu wa kushika mfu, na nikimgusa mtoto atakonda afe. Eti achinjwe mbuzi, mzee fulani anipake taka za tumbo la mbuzi, nikae siku saba. Huyu mama ni mwenyekiti wa akina mama kanisani!

Wawira alisikia sauti yangu. Akaanza kulia ndani, "Mami! Mami!" Mlango umefungwa.

Nikampigia bwana yangu. Akasema, "Si mchinje tu mbuzi maneno iishe?"

Nikamwambia mbuzi si shida. Nikikubali leo, kesho nikivaa suruali nitafungiwa mtoto. Nikimuosha cucu wangu akifa, nitafungiwa mtoto. Nikakata simu, nikageuza mtungi wa plastiki wa maji, nikaukalia hapo kwa gate.

Nilijua ni Jumatano. Jumatano akina mama wa kanisa huja kwake kwa maombi.

Saa tisa wakafika na Biblia zao. Mmoja mzee akaniuliza, "Mke wa mwana, mbona umekaa nje kama mwenye kuuza makaa?"

Mama mkwe alikuwa ametoka kuwapokea, nikamwambia kwa sauti, "Mami, waambie wageni kwa nini."

Mama mkwe akaanza kutengeneza leso.

Basi nikawaambia mimi. Mbuzi, tumbo, siku saba, yote.

Yule mama mzee akamgeukia. "Mwenyekiti, wewe si ndiye ulimtoa mama fulani kwa kikundi juu ya mambo hayo hayo?"

Mwingine akasema, "Mfungulie huyu mtoto kwanza, tutaomba baadaye."

Mama mkwe akafungua. "Mtoto si huyu hapa? Nani alimkataza?"

Wawira alikuja mbio na kiatu kimoja. Sikunawa mikono, sikungoja mtu. Nikamweka mapajani mbele yao wote, akalala hapo hapo.

Bwana yangu anasema nilimwaibisha mamake na niombe msamaha. Siombi. Mtoto sasa anabaki kwa jirani nikienda kazi.

Nilichojifunza: kabla hujamwachia mtu mtoto, muulize anaogopa nini, hata kama ni nyanyake na ni mwenyekiti kanisani. Na kumsindikiza mjane mpaka mtoni si uchafu. Mtu akiniita tena, ntaenda.

Karibuni mchangie. Wa kunitukana pia waje, lakini waniambie kwanza wangekaa nje ya huo mlango dakika ngapi.