Mwisho wa Kipindi cha Bwana Kofia

Enzi zetu pale Mtendeni televisheni ilikuwa moja kwa mtaa mzima, na siku ilipoharibika mtaa mzima ulijua. Ilikuwa ya Mzee Hilali, fundi wa mabati, aliyetengeneza makarai na vibatari. Jumamosi baada ya swala ya alasiri aliigeuza itazame barazani, nasi tukakaa chini kwenye sakafu yenye harufu ya lehemu, kila mmoja na karanga zake kwenye pindo la shati. Mama alituzuia mlangoni kwanza. "Asiyeoga haendi kwa Mzee Hilali. Mnataka aseme watoto wangu wananuka vumbi?" Tulioga. Maji ya kisima ya mwezi wa sita Tabora, wanaoyajua wanayajua.

Kipindi tulichokingojea kilikuwa cha Mzungu mmoja mwembamba aliyejipeleka porini bila chakula ili aonyeshe namna ya kutoka akiwa hai. Jina la kipindi hatukulijua. Tulimwita Bwana Kofia, kwa sababu ya kofia ya ngozi ambayo aliitumia kuchotea maji, kupepea moto na kulalia. Watoto wa siku hizi wakitazama kitu wanakikimbiza mbele, wanataka mwisho kabla ya mwanzo. Bwana Kofia akipekecha moto dakika kumi, sisi tulipekecha naye dakika kumi, hata viganja vikatuuma.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwa na kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada. Kwa kamusi hiyo nilikuwa mkalimani wa baraza, ingawa Kiingereza cha Bwana Kofia kilikwenda mbio na mimi niliambulia maneno mawili matatu. Baba, fundi cherehani asiyependa maneno mengi, aliniambia zaidi ya mara moja, "Saidi, usilolijua sema hulijui. Hutavunjika mguu." Nilimsikia. Lakini kuwa yule anayejua, katika umri ule, ni jambo tamu sana.

Jumamosi moja Bwana Kofia alipotea. Alizunguka kwenye miti inayofanana, akarudi kwenye nyayo zake mwenyewe, mwisho akasimama mahali ambapo korongo kavu linaanza kuteremka. Alifuta jasho, akalitazama korongo, akasema maneno machache, akainua mguu. Umeme ukakatika.

Baraza lote lililia kwa pamoja. Mdogo wangu Zuhura, wa miaka minane, alinivuta shati. "Kaka, amekwenda wapi?"

"Amefuata korongo," nikasema. "Ukipotea unafuata korongo kwenda chini mpaka uwakute watu."

"Umejuaje?"

"Kasema mwenyewe kabla umeme haujakatika. Ninyi mlikuwa mnatafuna karanga."

Hakuna aliyebisha. Umeme ulirudi kesho yake, na kipindi kile hakikurudiwa.

Mwaka huohuo, shule zilipofungwa mwezi wa sita, tulipelekwa Goweko kwa mjomba Rajabu, mkulima wa tumbaku. Wa rika langu mtakumbuka likizo za namna ile: harufu ya tumbaku kavu kutoka kwenye mabani ya kuikaushia, asali inayokatwa na masega yake, matobolwa, yale ya viazi vya kuchemsha vilivyokaushwa juani, magumu hata ukayanyonya nusu siku. Na furu, yale matunda meusi ya porini. Asubuhi tuliingia porini kuokota furu, watoto sita na vikapu sita. Tuliporudi tulikuwa watano.

Mjomba hakutugombeza. Alichukua debe na rungu, akaita majirani, tukarudi tulikotoka. Kila baada ya hatua hamsini aligonga debe, akanyamaza, akasikiliza. Miti ya miombo inafanana kama safu za wanajeshi, na sauti ndani yake hupotea haraka. Mbali kidogo na pale tulipookota tulikuta kikapu cha Zuhura chini ya mfuru. Mjomba alichuchumaa, akaokota kokwa moja, akaigeuza kwenye vidole. Ilikuwa bado imelowa mate.

"Alikuwa hapa sasa hivi," alisema. Nyayo zake zilielekea kwenye korongo, zikashuka nalo, kisha zikapotelea kwenye mawe. Mjomba aliniangalia mimi, kwa kuwa nilikuwa mkubwa wa wale watoto. "Angekaa tu hapa tungekuwa naye. Nani kamwambia aondoke?"

Nilitazama mawe. Jua lilikuwa halijafika utosini.

Tulitafuta mpaka kivuli kikageuka upande wa pili. Majirani walipoona nyayo za fisi walianza kutembea karibu karibu. Mimi nilitembea nyuma ya mjomba nikihesabu mapigo ya debe, na kila pigo nilijiambia kwamba likifuata jingine nitasema. Sikusema. Saa kumi na moja jioni mchungaji mmoja wa ng'ombe, Msukuma, alitokea ng'ambo ya reli akiwa amembeba Zuhura mgongoni. Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka na nyayo zinatoka damu. Alimkuta mbali sana, mahali ambapo korongo linakwisha bila kufika popote.

Neno la kwanza la Zuhura kwa mjomba lilikuwa hili: "Nilifuata korongo kama kaka alivyonifundisha."

Basi nikawa shujaa. Jogoo alichinjwa, na firigisi nikapewa mimi. Mjomba alinitazama nikiila, na alilolijua hakumwambia mtu mpaka alipofariki. Tangu siku ile nyumbani niliitwa Profesa. Sikuendelea na shule baada ya darasa la saba, lakini jina lile lilinisukuma. Nilisoma kila karatasi iliyopita mkononi, nikajifunza redio kwa vitabu, na mpaka leo nina kibanda cha ufundi Mtendeni ambako watu huniletea vitu vilivyowashinda wengine. Wateja wangu hawajui kwamba nilipata jina hilo kwa uongo.

Zuhura akawa mwalimu, na akapangiwa shule ya msingi hukohuko Goweko. Mwezi wa tano mwaka huu aliniita nikatengeneze spika ya shule. Nikiwa juu ya ngazi nilimsikia akiuliza darasa la nne, "Ukipotea porini?" Na watoto wote, kwa sauti moja, "Ninafuata korongo kwenda chini mpaka niwakute watu!"

"Na huyu hapa," alisema akininyooshea chaki, "ndiye kaka yangu aliyenifundisha."

Bisibisi ilinidondoka. Watoto wakacheka. Shule zingefungwa mwezi uliofuata, na kesho yake watoto hao wangeingia porini kuokota furu.

Nilipaswa kushuka ngazi na kusema. Badala yake nilijiambia kwamba mtu makini hupima kwanza. Huenda nilibahatisha. Huenda Bwana Kofia alilifuata korongo kweli, akawakuta watu, na uongo wangu ukawa kweli bila mimi kujua. Nilikitaka kipindi kile kama mgonjwa anavyotaka majibu ya maabara, huku nikiomba yasome ninavyotaka.

Nilianza kwa kuandika kwenye daftari kila nilichokumbuka: kofia, mlio wa zumari mwanzoni, aina ya miti. Kijana wa duka la kuwekea watu filamu kwenye flashi alinihurumia. "Mzee wangu, kitu cha kizamani hicho, nakushushia sasa hivi." Alinishushia vipande saba. Vyote vilikuwa vya nyoka na maporomoko, vimekatwakatwa, sauti ya Bwana Kofia imeondolewa na kuwekwa muziki. Nusu nilikuwa nayo tayari tangu utotoni. Sikuhitaji nusu nyingine ya wizi. Halafu mimi mwenyewe niliwahi kuandika kijitabu cha kutengeneza redio, nikakikuta kimetolewa nakala mji mzima bila mtu kuniuliza. Najua inavyouma.

Nikaandika barua pepe kwa kituo kilichokirusha. Walijibu kwamba walikuwa na ruhusa ya muda tu, iliyokwisha zamani, na kanda hawana; lakini walinipa jina halisi la kipindi na la watengenezaji. Watengenezaji wanakiuza kwenye tovuti yao, kila sehemu peke yake. Nilibonyeza, nikaambiwa hakipatikani nchini mwangu. Kijana wa dukani akacheka. "Jifanye uko Ulaya, mzee. Kuna programu, dakika mbili tu." Nilimwambia nimeshajifanya vya kutosha. Hakuelewa.

Niliwaandikia watengenezaji. Siku tisa zilipita. Nilizihesabu, maana nilipoandika zilikuwa zimebaki siku kumi na sita shule kufungwa. Walinielekeza kwa kampuni yenye haki za kukionyesha huku kwetu. Nako ilibidi nitazame orodha nzima, sehemu moja moja, mpaka nikaiona ile ya korongo. Nililipa kwa simu, nikaipakua mjini, kwa kuwa Goweko mtandao ni wa kubahatisha. Masharti yalikuwa wazi: ukishaifungua una saa arobaini na nane, kisha inajifunga. Sikuifungua. Alhamisi nikapanda treni. Shule zilikuwa zinafungwa Ijumaa.

Zuhura alinipokea kwa furaha, akadhani nimeleta zawadi ya utotoni. Aliweka chai na karanga, akatengeneza nafasi kwenye mkeka. Zumari lilipolia alipiga makofi. Bwana Kofia alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka, na kijana kuliko mimi nilivyo sasa. Akapotea. Akarudi kwenye nyayo zake. Akasimama mbele ya korongo, akafuta jasho, akainua mguu.

Akateremka hatua tatu. Akasimama. Akatikisa kichwa, akapanda tena juu.

"Mbona anarudi?" Zuhura akauliza.

Bwana Kofia aliketi chini ya mti. Aliwasha moto, akaweka majani mabichi mpaka moshi ukapanda mweupe, akaitazama kamera. Safari hii nilielewa kila neno. Alisema korongo lilimvutia, na kwamba wengi limewaua. Aliyepotea akae pale alipogundua kwamba amepotea, aache alama, angoje watu wamtafute.

Nilikisimamisha kipindi. Nikamweleza umeme ulivyokatika, nilivyotunga, kokwa iliyolowa mate na maneno ya mjomba. Alisikiliza huku akiokota maganda ya karanga kwenye mkeka, moja moja.

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua nimetunga. Na mjomba alinionyesha kwamba nimekosea."

"Miaka yote hii nawaimbisha watoto wa watu, Profesa." Hilo jina hakuwahi kulitamka namna ile. "Nilitembea kutwa nzima na kiu, nikikushukuru kila hatua." Akakusanya maganda kwenye kiganja, akasema, "Kesho mstarini utasema wewe. Kwa mdomo wako. Mimi nitasimama nao."

Nilisema. Spika niliyoitengeneza mwenyewe ilipeleka sauti yangu mpaka kwenye mashamba. Niliwaambia kwamba nilidanganya nikiwa na umri kama wao, kwamba mwalimu wao nusura afe, na kwamba aliyepotea anakaa chini, anatundika nguo mtini, anaita na kungoja. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu alifikaje kwa watu?"

Zuhura alijibu kabla yangu. "Kwa bahati. Kaeni chini wote, tujifunze upya."

Jumamosi tulikaa barazani kwake kutwa nzima, tukiitazama njia ya porini. Kipindi kilijifunga chenyewe jioni, hatukukifungua tena. Jua lilipoanza kuteremka watoto wakatokea porini wawili wawili, midomo myeusi kwa furu, na Zuhura akawataja majina kwa sauti ya chini mpaka wa mwisho.

Wao wakitaka, kesho watautafuta mwisho wa jambo lolote, wautazame mara tatu, wauchoke. Sisi tulipewa nusu, na nusu nyingine tukajaziana barazani, mmoja anasema na wengine wanaamini. Nayakumbuka mabaraza yale kwa mapenzi yote. Siku hizi nayakumbuka pia kwa woga, nikijiuliza ni wangapi kati yetu waliokwenda na nusu niliyowapa, wala hakutokea mchungaji wa kuwabeba.