Nimefungwa, Mama

Mama yangu hajawahi kuelewa kazi ambayo mtu analipwa kwa kuwa mwepesi. Nilimweleza mara tatu jikoni kwetu, hapa Auburn, wiki ile ndugu yangu alipokuja Sydney kupigana. Mama, nikamwambia, mabondia wanapangwa kwa kilo, na yeye yuko kwenye uzani wa unyoya. Akaacha kuchambua sombe, akanitazama.

"Unyoya wa kuku?"

"Wa ndege yeyote, mama."

"Mutoto niliyemulea mimi ni unyoya," akasema, akarudi kwenye majani yake ya muhogo.

Namwita ndugu yangu kwa sababu ndivyo alivyo. Mama yake alikuwa mdogo wake mama, akafariki kabla mtoto hajajua kutembea, na mama yangu akamfunga mgongoni siku ileile. Tulitoka Kivu naye, tukaingia kambini Tanzania naye, tukalala kwenye mkeka mmoja, mimi nikimpiga mateke kwa sababu alikojoa hadi alipofika miaka sita. Hilo nimelisema makusudi, najua atasoma. Alipokuwa na miaka kumi na moja majina yalibandikwa ubaoni: yeye na bibi yetu, mama yake mama, Amerika. Sisi tukabaki, na miaka miwili baadaye tukaletwa Australia. Nyumbani kwetu hadithi ilikuwa moja tu, kwamba wazungu walitutenganisha. Mimi nimewalaani wazungu hao tangu utoto, bila kuwajua hata sura.

Kule Amerika walimweka katika mji wa baridi kali. Bibi akifanya usafi hotelini, yeye akitoka shule hana pa kwenda, akaingia kwenye ukumbi wa ngumi kwa sababu ulikuwa na joto. Hivyo ndivyo alivyoanza, wala hakuna cha ajabu zaidi ya hapo. Mzee mmoja wa pale akamfundisha, na mpaka leo ndiye kocha wake. Alipofika miaka ishirini akaanza kupigana kwa malipo, huku mchana akikata kuku kiwandani. Kwa muda mrefu alikuwa bondia wa kuitwa. Maana yake, kijana wa mji fulani anataka kushinda mbele ya watu wake, basi anatafutwa mtu wa kushindwa vizuri, asiyeanguka haraka, na anapigiwa simu. Alishindwa vizuri katika miji mingi. Kisha, nadhani alichoka, akawashinda wawili waliomwita, mmoja baada ya mwingine. Ndipo simu ya Sydney ikaja, na safari hii kulikuwa na mkanda wa ubingwa.

Naomba hili lieleweke, kwa sababu yote yaliyofuata yanasimama hapo. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kwa kazi ile huo ni uzee. Akiupata mkanda, jina lake linaingia kwenye orodha ya wanaohesabiwa, na hatakata kuku tena. Lakini ili aruhusiwe kuupigania, Ijumaa saa sita mchana mizani isome kilo hamsini na saba na gramu mia moja na hamsini, isizidi. Alhamisi nilipomfuata hotelini alikuwa amezidi kwa gramu mia tisa, hajala wala kunywa kitu tangu asubuhi. Midomo ilikuwa imempasuka. Kocha wake alituruhusu saa moja tu. Aende amsalimu mama, akasema, na asiguse hata kijiko.

Mimi namjua mama. Alikuwa amepika tangu alfajiri: bugali, sombe, ndagala, yaani dagaa, wa kukaanga, na maharage kwa usalama. Hajamwona mtoto huyo miaka ishirini. Kumwambia kwamba mgeni hali kwa sababu ya mizani ni kupoteza pumzi. Basi ndani ya gari nikampa mbinu. Mwambie umefunga, nikasema. Mama ni mtu wa maombi, kila mwezi ana siku zake tatu za kufunga, na mtu aliyefunga hamsogezei hata maji. Na si uongo sana, umefunga kweli, ila hujaomba.

Akacheka, akakubali. Tatizo ni kwamba Kiswahili chake kilibaki kambini. Mimi na yeye tunaandikiana kwa Kiingereza. Akifungua mdomo kwa Kiswahili anatoka mtoto wa miaka kumi na moja mwenye sauti ya mwanamume, na maneno mengine yamemtoka kabisa. Nikamfanyisha mazoezi barabara nzima. Nimefunga. "Nimefunga," akasema. Tena. "Nimefunga, yaya." Yaya kwetu ni dada mkubwa, na sikuwa nimeitwa hivyo kwa miaka mingi, kwa hiyo nikasahau kumrudisha kwenye mazoezi.

Mama alimpokea mlangoni bila kelele. Alimshika uso, akamshika mabega, akashuka mpaka viganjani, akitafuta nyama na asiipate. Akamkalisha mezani, akafunua bakuli, na harufu ya sombe yenye mawese ikajaa chumba. Nilimwona ndugu yangu anameza mate ambayo hakuwa nayo. Mtu huyu amepigwa usoni na wanaume wa kila namna, lakini mbele ya mama aliogopa. Akasema:

"Nimefungwa, mama."

Mama akaketi polepole.

"Umefungwa lini?"

"Kila mara, mama. Nikipigana. Wiki mbili, wiki tatu."

Herufi moja. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Badala ya kuikamata ile herufi upesi na kuiweka mahali pake, nikainamia meza nacheka, kwa sababu ilikuwa imekaa vizuri mno: kila akipigana polisi wanamtia ndani, wiki mbili, wiki tatu, ndiyo maana amekonda. Nilipoinua uso mama alikuwa analia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalikuwa yanashuka tu, mikono imelala mezani kando ya sahani.

"Ni mimi nilikufunga," akasema. "Nilikuandika kwa bibi."

Nikaacha kucheka.

Akasema yote, akimwangalia yeye, mimi kama sipo. Kule kambini kila familia ilikuwa na kadi yake ya posho. Familia mbili zilipata zaidi kidogo kuliko familia moja kubwa: ndoo ya pili, sufuria ya pili, blanketi, kipimo kingine cha mafuta. Watu wote walijigawa, hilo nalikumbuka hata mimi. Karani alipopita kuandika, mama alimwambia kwamba mtoto huyu ni wa bibi, wanakaa nyumba yao. Haikuwa kweli, nyumba yetu ilikuwa moja. Ilikuwa ni unga tu. Miaka ikapita, wakaja watu wa kuhamisha wakimbizi, wakafungua makaratasi, na kadi ya bibi ikatangulia. Mama alikwenda ofisini kusema mtoto ni wake. Wakamwonyesha alama ya kidole chake mwenyewe kwenye karatasi ya karani.

"Wazungu hawakututenganisha," akasema. "Nilikutoa kwa sababu ya unga. Ona sasa umefungwa huko, peke yako, na mimi sikujua."

Sitaficha, kilichonijaa kwanza ni hasira. Miaka yote hiyo ameniacha nilaani watu wasiohusika, na ukweli ulikuwa umekaa naye meza moja akimenya vitunguu. Lakini nilikuwa nimeshacheka, na aliyecheka mahali kama pale hana haki ya kugomba. Nikasema tu, mama, hajafungwa. Amefunga. Amekosea neno. Hajawahi kuona jela, anafunga kula ili mizani imkubali kesho.

Ilimchukua muda. Akajifuta kwa upande wa kitenge.

"Kwa hiyo hukufungwa."

"Hapana, mama."

"Basi ni vizuri. Usikule. Kazi ni kazi." Na mama yangu, ambaye hajawahi kumwacha fundi wa bomba atoke nyumbani kwake bila kula, akanyanyuka, akashika sahani airudishe jikoni.

Ndugu yangu akamshika mkono. Akaivuta ile sahani, akaiweka mbele yake, akaenda kunawa kwenye sinki, akarudi, akamega bugali. Nilimwita kwa jina. Nikamwambia kwa Kiingereza, una wazimu, mwambie tu umemsamehe, maneno hayana uzito. Akatikisa kichwa akichovya. Alikula kama tulivyokula zamani, haraka, kichwa chini. Mama alisimama palepale, mikono imening'inia, akimtazama mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akaomba maji, akanywa bilauri mbili.

Ijumaa saa sita mizani ikasema kilo hamsini na nane kasoro gramu chache. Kwenye chumba cha klabu walikopimwa kulikuwa na wapiga picha, na kijana wa hapa aliyekuja kupigana naye, ambaye alitazama chini kwa adabu. Kocha hakupiga kelele. Aliuliza swali moja, umekula nini, na ndugu yangu akasema maji. Msimamizi wa pambano akampa saa mbili za kupunguza. Hakukuwa na chumba cha mvuke karibu, ila gari langu lilikuwa nje.

Hivyo ndivyo nilivyoyajua maghala yote ya Villawood. Ilikuwa Februari, jua la kupasua lami, na mimi naendesha vioo vikiwa vimefungwa, hita imefunguliwa mpaka mwisho, ndugu yangu kando yangu amevaa mavazi ya plastiki na sweta mbili juu, kocha nyuma na taulo. Tulizunguka mitaa ileile ya viwanda, tukapita kituo cha huko cha kuzuilia wahamiaji mara tano au sita. Jasho lilinitoka mpaka usukani ukateleza. Yeye alikuwa anatema mate kwenye chupa, tone kwa tone, na kila tone kocha analitazama.

Hapo ndipo nilipomgombeza, kwa Kiswahili, ili kocha asisikie. Nikamwambia, mama alikuachia. Alishachukua sahani mkononi. Miaka kumi na zaidi ya kupigwa, ukaiuza kwa sombe?

Akapangusa jasho machoni. Halafu akasema, kwa kile Kiswahili chake cha mtoto, kwamba yeye alijua. Bibi alimwambia habari za kadi kabla hajafa. Alijua tangu zamani.

"Na hukusema?"

"Nilingoja mama aseme." Akatema kwenye chupa. "Sasa amesema. Nikikataa chakula, yeye atafikiri nini?"

Nilikuwa nalia, na kwa joto lile hakuna aliyeweza kutofautisha.

"Usimwambie mama, yaya," akasema. "Kama sitafika kilo, usimwambie."

Hakufika. Walimsimamisha uchi nyuma ya taulo, akatoa pumzi yote, na mizani ikakataa kwa gramu mia moja na tisini. Unaweza kuzishika kwenye kiganja, ni embe dogo. Msimamizi akasoma kanuni: pambano litaendelea, ila mkanda ni wa yule mwingine tu akishinda. Huyu hata akishinda, hapewi. Kocha akatoka, akakaa kwenye ngazi za nje peke yake, na nilimwacha.

Jumamosi alishinda. Nasema hivi kwa kifupi kwa sababu sikuona sana, nilikuwa nimejifunika macho kwa pochi. Raundi kumi, kwa pointi, na hata watu wa hapa walimpigia makofi. Refa akamwinua mkono. Mkanda ulikuwa mezani kando ya ulingo, unang'aa, na mtu mmoja akaurudisha kwenye sanduku lake akafunga zipu.

Jumapili, kabla ya uwanja wa ndege, alikuja kula. Jicho moja lilikuwa limefumba. Mama alikuwa ametoka kanisani ambako alishawatangazia wote, tena kwa kipaza sauti, kwamba mtoto wake ni bingwa. Mimi nilikuwa nimekaa nimeuma ulimi tangu Ijumaa, na wanaonijua wanajua hiyo ni kazi gani.

Mama akampakulia. Akakaa, akafuta simu yake kwa kitenge, akaielekeza kwa ndugu yangu.

"Mkanda uko wapi? Niupige picha, niwapelekee watu wa maombi."

Nikafungua mdomo. Ndugu yangu akaniwahi, bila kuinua macho kwenye sahani.

"Bado wako nao, mama. Wanaupunguza. Ni mkubwa, kiuno changu ni kidogo."

Mama akaiweka simu chini. Akamtazama kifuani, tumboni, akafikiri. Kisha akachukua mwiko, akamwongezea bugali.

"Waambie wasiukate sana," akasema. "Utanenepa."